Sheri kavu: divai inayolelewa chini ya shela

Tukisema ugali mkavu hatuna maana kwamba umeanikwa juani. Tuna maana hauna mboga. Chai kavu vivyo hivyo, haina kitafunwa. Divai nayo huitwa kavu kwa mtindo huohuo, ila kinachokosekana ni sukari: chachu imeila yote na kuigeuza kileo, pasibaki utamu wa kuhisiwa ulimini. Kavu si kali, si chungu, wala si iliyochacha, ingawa mtu aliyezoea divai tamu akionja sheri iitwayo fino kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba ni yote matatu.

Sheri ni divai ya Hispania inayoongezewa pombe, na fino ndiyo sheri kavu inayojulikana zaidi. Ni nyeupe, rangi ya majani makavu, na sukari yake haifiki gramu 5 kwa lita. Hutoka kusini mwa Hispania, mkoa wa Cádiz, hasa katika miji mitatu iliyokaribiana: Jerez de la Frontera, El Puerto de Santa María na Sanlúcar de Barrameda. Waislamu walipoutawala mji wa Jerez waliuita Sharish. Wahispania wakaandika Xerez, na x yao ya zamani ilitamkwa “sh”. Waingereza wakaisikia hivyo, wakapata “sherry”. Baadaye Wahispania wenyewe wakabadili sauti, na leo herufi ya kwanza ya Jerez inakaribia “kh” ya kheri. Kwa hiyo jina la Kiingereza, na letu la sheri, limehifadhi matamshi ambayo wenye mji wameshayaacha. Waingereza walikuwa na kiu nayo tangu zamani: mwaka 1587 nahodha wao Francis Drake aliposhambulia bandari ya Cádiz, aliondoka na mapipa ya sheri yapatayo 2,900.

Zabibu inayotumika ni palomino, na kusema kweli haina makuu. Haina harufu ya kumsimamisha mtu, wala uchachu mwingi. Hupandwa kwenye udongo mweupe kama chokaa uitwao albariza, unaofyonza mvua za baridi na kuzitunza hadi kiangazi. Baada ya mavuno wakulima huchimba vijishimo vya mstatili kati ya mistari ya mizabibu ili maji yasitiririke bondeni, jambo ambalo mkulima yeyote wa milimani anayechimba makinga maji atalielewa bila kuelezwa. Juisi ikikamuliwa, huchachuka mpaka sukari iishe, na hapo ni divai ya kawaida yenye kileo cha asilimia 11 au 12. Ukiinywa wakati huo utashangaa watu husifu nini.

Kinachoigeuza ni utando. Divai ikiachwa kwenye pipa lisilojazwa hadi juu, chachu huinuka na kutanda usoni mwake, nyeupe, yenye mikunjo, ukiitazama haraka utadhani ni ukungu. Kwingineko mtengenezaji angeona divai imeharibika. Watu wa Jerez huuita velo de flor, shela la ua, na ndio wanaoutegemea. Pipa lao huchukua lita 600 lakini hutiwa lita 500 hivi tu, kwa makusudi, ili shela lipate hewa na nafasi ya kutanda.

Shela hilo hufanya kazi mbili. Kwanza huifunika divai, hewa isiifikie, ndiyo maana fino hubaki nyeupe hata baada ya miaka. Pili linakula. Sukari imekwisha, basi hula kileo chenyewe, na hula gliserini, kile kitu kinachoipa divai ulaini na uzito mdomoni. Inabaki divai nyembamba, iliyokauka kabisa, yenye harufu ya unga wa mkate uliotiwa hamira, tufaha bichi na lozi. Ukavu wa fino, basi, hutoka mbali kuliko sukari kuisha: hata ule ulaini unaoweza kuudanganya ulimi umeondolewa.

Lakini chachu hii ina masharti. Kabla ya kuingia kwenye malezi, yaani kukomaa ndani ya mapipa, divai huongezewa pombe iliyokenekwa mpaka ifike asilimia 15. Kiwango hicho huzuia bakteria wa siki, ilhali shela linastahimili. Ikipandishwa hadi 17, shela hufa, na hapo unapata sheri nyingine, oloroso, inayokutana na hewa moja kwa moja na kuwa ya kahawia, nzito, yenye harufu ya njugu. Hii ndiyo inayowachanganya wengi: oloroso hunukia utamu, lakini kwa asili nayo ni kavu. Kati ya hizo mbili ipo amontillado, iliyoanza chini ya shela kisha ikalipoteza. Kwa miaka mingi amontillado nyingi za kupelekwa Uingereza zilitiwa utamu, na hadi leo kuna wanaoamini kwamba sheri ni kinywaji cha sukari cha mabibi wazee. Wamekosea, ila si kosa lao peke yao.

Shela linahitaji pia chakula kipya kila mara, na hapo ndipo unapoingia mtindo wa solera. Mapipa hupangwa kwa madaraja, mara nyingi moja juu ya jingine. La chini kabisa, lenye divai kongwe, huitwa solera, kutoka neno la Kihispania la sakafu. Yaliyo juu yake huitwa criaderas, yaani mahali pa kulelea. Divai ya kuuzwa hutolewa kwenye solera, sehemu tu ya kila pipa. Pengo lake hujazwa kutoka daraja la pili, la pili kutoka la tatu, hadi daraja la juu linalopokea divai changa. Ile changa huleta virutubisho, shela linaendelea kuishi. Mama anayebakiza maziwa ya mtindi kidogo kwenye kibuyu kabla ya kumimina mapya anafanya jambo la ukoo huohuo.

Kwa kuwa pipa halimalizwi kamwe, kila chupa ina tone la divai ya zamani sana, na haiwezekani kuitaja kuwa ya mwaka fulani. Ukiona mwaka mkongwe kwenye lebo ya sheri ya solera, kwa kawaida ni mwaka solera hiyo ilipoanzishwa, si umri wa unachokunywa. Muuzaji hana haraka ya kukusahihisha.

Maghala yenyewe yamejengwa kwa ajili ya shela: kuta nene, mapaa marefu, madirisha ya juu yanayopokea upepo wa baharini, sakafu ya udongo inayomwagiliwa maji wakati wa joto. Huko Sanlúcar, kwenye mdomo wa mto Guadalquivir, unyevu ni mwingi zaidi na shela hutanda nene mwaka mzima. Divai yake ina jina lake, manzanilla. Msimamizi akitaka kuonja hutumia venencia, kata ndogo yenye mpini mrefu unaonyumbuka, huitumbukiza kwa ghafla katikati ya shela ili lisichanike, kisha humimina kwenye glasi kutoka juu ya kichwa chake bila kumwaga.

Fino hunywewa baridi sana, pamoja na zeituni, lozi au kamba waliochemshwa kwa chumvi. Ikishatiwa kwenye chupa haina tena shela la kuilinda. Ukiifungua, irudishe kwenye friji na uimalize ndani ya siku chache.