Mwacheni mtoto ajifunge mkanda

Wazazi wenzangu wa Mombasa, leo tusikizane. Kila ninapoandikisha watoto wapya wa karate kauli ni ile ile: "Mwalimu, huyu mpole mno, mfundishe kupiga ili ajiamini." Ngumi haimpi mtoto kujiamini. Wa miaka saba akirusha ngumi mia, atakachopata ni mkono uliochoka. Mtoto hupata kujiamini anapokosea, akaliona kosa mwenyewe, akalirekebisha bila kuambiwa. Na hapo ndipo mnapotuharibia kazi, mkiwa mmekaa pale pembeni.

Tuanze na mkanda. Katikati yake huwekwa chini ya kitovu, ncha zikazungushwa, zikapishana mgongoni na kurudi mbele. Ncha ya juu hupitishwa chini ya mizunguko yote miwili, ikavutwa, kisha fundo. Watoto hukosea kwenye fundo: hulifunga upande mmoja mara mbili, likasimama wima, na baada ya mateke machache mkanda uko sakafuni. Fundo sahihi hulala, ncha zikatoka kulia na kushoto, urefu sawa. Mama akimwona anahangaika, keshainuka kumfunga! Mama, kaa. Mkanda ukianguka atauokota, na siku ya tatu ataanza kulitazama fundo la mwenzake.

Kwenye kata, ule mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ni zaidi. Heian Shodan, kata ya wanaoanza, ina miondoko 21 na kiai mbili, yaani ukelele wa nguvu. Baada ya age-uke ya tatu, yaani kukinga juu kwa mkono, penye kiai ya kwanza, mtoto hugeuka robo tatu ya duara. Wengi hupotea hapo: hugeuka nusu tu, akajikuta anatazama ukuta na wenzake wanatazama dirisha. Baba hupaza sauti, "Huku! Huku!" Mtoto hugeuka, naam, na kesho hukosea palepale, kwa sababu hakupata nafasi ya kufikiri.

Mimi humchorea alama ya chaki anaposimama kuanza. Kata hii humrudisha mtu alipoanzia. Akiishia mbele ya alama, basi hatua za kurudi alizifupisha, mara nyingi kwa uchovu, goti la mbele likakosa kukunjwa vya kutosha. Simwambii neno. Yeye huangalia chaki, huangalia miguu yake, hurudi kwenye yoi, msimamo wa kujiandaa. Isipokuwa Februari: sakafu ya vigae hulowa jasho, zenkutsu-dachi ndefu, ule msimamo wa goti la mbele kukunjwa, huteleza, na anayeifupisha ana akili.

Kuhusu rei, kule kuinama, kwa wanaouliza: ni salamu, si rukuu. Asiyeridhika aweke mkono kifuani, inatosha. Rangi ya mkanda tutaizungumza akishajua kuufunga.

Sasa lile ambalo vitabu huliruka. Husemwa kwamba kujiamini kwa ukumbini humfuata mtoto hadi darasani. Si kila mara. Kuna mtoto ambaye kiai yake hutikisa mabati, na shuleni hainui mkono kujibu swali. Sidhani karate peke yake huimaliza kazi hiyo. Naona tofauti kwa wale ambao nyumbani pia huachiwa: gi, vazi la karate, huikunja wenyewe, begi hulibeba wenyewe, wakisahau mkanda hufanya mazoezi bila mkanda.

Kuanzia Jumamosi viti vya wazazi vitakuwa nje, barazani. Maji mpeni aje nayo. Chupa ataifungua mwenyewe.