Kwa nini mpiga tarumbeta hufanya mazoezi bila kubonyeza kitufe hata kimoja?

Piano ina vitufe 88. Tarumbeta ina vitatu tu, lakini mpigaji mzuri hupanda na kushuka oktava mbili na nusu (oktava moja ni kutoka do hadi do inayofuata) bila shida. Tena ukimsikiliza anapopasha midomo kabla ya onyesho, utashangaa: vidole vimetulia kabisa, naye anapuliza nota moja ndefu, kisha nyingine, kisha nyingine. Je, wajua anafanya nini?

Siri iko midomoni. Katika ala zote za shaba, yaani tarumbeta, honi, tromboni, tuba na jamaa zao, hewa peke yake haitoi muziki. Puliza ndani yake kama unayezima mshumaa, utasikia upepo tu. Sauti huzaliwa pale unapofumba midomo na kuilazimisha hewa ipenye katikati, midomo ikatetemeka. Kwa nota ya la ya hezi 440, ambayo okestra nyingi huitumia kulinganisha ala zao, midomo hufunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde. Bomba kazi yake ni kuuitikia mtetemo huo na kuupa nguvu.

Sasa, bomba hilo, ambalo kwa tarumbeta ya kawaida ni karibu mita moja na nusu likinyooshwa, halina nota moja tu. Lina ngazi nzima. Bila kugusa kitufe chochote utapata do, sol, do ya juu, mi, sol, na kuendelea, kadiri midomo inavyotetemeka kwa kasi zaidi. Vitufe huongeza tu urefu wa bomba: cha pili hushusha sauti nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili za piano, cha kwanza toni moja, cha tatu toni moja na nusu. Kwa hiyo kila mpangilio wa vidole unabeba nota kadhaa, na anayechagua itoke ipi ni mdomo. Ndiyo maana anayeanza hubonyeza sawasawa kabisa na bado ikatoka nota asiyoitaka.

Zoezi la kutibu hali hiyo ni kuteleza kwa midomo. Bila kitufe, puliza do, panda sol, rudi do, kwa pumzi moja na bila kugonga ulimi. Kisha bonyeza kitufe cha pili urudie yale yale nusu toni chini. Endelea na cha kwanza, halafu cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha kwanza na cha tatu, na mwisho vyote vitatu. Hapo umepita urefu wote saba wa bomba, sawa na nafasi saba za mkono wa tromboni, yaani lile bomba lake linalovutwa na kurudishwa. Walimu wengi humwambia mwanafunzi awaze “aa” kwenye nota ya chini na “ii” anapopanda. Ulimi huinuka wenyewe na hewa hupita kwa kasi, bila haja ya kukandamiza ala mdomoni.

Kukandamiza huko ndiko adui mkubwa. Kipulizio, kile kikombe kidogo kinachogusa midomo, kikigandamizwa sana hubana damu isipite vizuri, na midomo huchoka upesi. Kwa sababu hiyo mapumziko ni sehemu ya zoezi lenyewe: pumzika muda sawa na uliopuliza. Vipindi vifupi viwili au vitatu kwa siku hujenga midomo kuliko saa mbili mfululizo, na midomo ikishaanza kuvimba, weka ala chini.

Nota ndefu, kwa upande wake, hufundisha pumzi. Anza kwa sauti ndogo kabisa, ikuze taratibu, kisha ipunguze mpaka ipotee, ukiangalia kipimasauti kwenye simu, programu inayoonyesha nota ikipanda au kushuka, kama nota inayumba. Sehemu ngumu ni mwisho wake, hewa inapopungua na sauti kutaka kukatika kabla hujaamua. Mimi naona hakuna zoezi linalomfichua mpigaji kuliko hili. Usihesabu sekunde tu, sikiliza.

Ukitaka mazoezi yaliyoandikwa, bado hakuna kilichokipiku kitabu cha Jean-Baptiste Arban, Mfaransa mpiga koneti (ala inayofanana na tarumbeta ila fupi kwa umbo), kilichotoka mwaka 1864. Kinafaa tarumbeta na koneti, na wapigaji wa tromboni na tuba wana matoleo yao. Kwa kuwa haki zake zimekwisha muda, toleo la zamani hupatikana bure kwenye intaneti. Usikipige kutoka mwanzo hadi mwisho. Chagua ukurasa mmoja, washa metronomu, kifaa kinachogonga mapigo, kwa mwendo wa polepole, na usiongeze kasi mpaka kila nota itoke safi tangu inapoanza.