Chumo la mtandaoni: nani anakulipa, na lini?

Chumo la mtandaoni ni pesa anayokulipa mtu mwengine kwa kitu ulichompa kupitia intaneti. Kitu hicho ni kimoja kati ya vitatu: bidhaa, kazi yako, au watazamaji uliowakusanya. Njia zote zinazozungumzwa barazani, iwe Mji Mkongwe au Chake Chake, zinaingia humo. Kwa anayeanza, swali la kuzipambanulia ni hili: mlipaji yuko karibu kiasi gani, na shilingi ya kwanza itaingia lini?

Ipo "kazi" ambayo naitoa kabisa katika maana hii. Ni ile inayoanza kwa wewe kutoa: weka elfu hamsini, bonyeza video kila siku, lete watu chini yako. Hapo hakuna mnunuzi. Anayelipwa leo analipwa kwa pesa za wanaoingia leo, na siku wakipungua, mlango unafungwa. Tanzania tuliyaona haya kwa taasisi ya DECI, ambako watu walipanda "mbegu" wakingojea mavuno hadi ilipofungwa mwaka 2009. Sasa mchezo uleule umehamia kwenye simu. Inaniuma kila ninaposikia akiba ya kikoba imeingia humo, maana mara nyingi ni pesa ya ada za skuli.

Kuuza bidhaa ndiko kunakomweka mlipaji karibu zaidi. Mwenye mikoba ya ukili, sabuni za mwani, mdalasini au kofia za kushona kwa mkono anaweka picha WhatsApp na Instagram, mteja wa Dar es Salaam analipa kwa simu, mzigo unapandishwa boti bandarini Malindi, Unguja. Pesa inaweza kuingia siku hiyohiyo. Tatizo ni mtaji, na wateja wanaooda kisha hawapokei simu. Ndiyo maana wauzaji wazoefu hawafungi mzigo kabla ya kupokea angalau nusu ya bei. Tahadhari moja kwa ndugu zangu wa Pemba: zao la karafuu linanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo usianze kutafuta mnunuzi wa magunia huko Facebook.

Watazamaji ndio wanaowavutia vijana wengi, na ndiko mlipaji aliko mbali. YouTube inataka uwe na wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90), ndipo ikugawie pesa za matangazo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa kila mtu anakutazama kwa dakika 4, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kabla ya kupata hata senti ya matangazo. Baada ya hapo unapata 55% ya mapato ya matangazo ya video ndefu, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Anayependa kupika au kusimulia mambo ya kwao na aanze, lakini awe na chumo jengine la kumlisha.

Udalali wa viungo vya mtandaoni, yaani kulipwa kamisheni mtu akinunua kupitia kiungo chako, unategemea watazamaji haohao. Amazon hufunga akaunti mpya isiyoleta mauzo matatu ndani ya siku 180. Kwa asiye na wafuasi, tuupite.

Inabaki kuuza kazi, na hapa ndipo ninapoona Wazanzibari tunajidhulumu. Vijana wanajifunza kutengeneza nembo ili wagombanie wateja wa Fiverr, soko la kuuzia kazi mtandaoni, na watu wa dunia nzima, na Fiverr yenyewe inakata 20% ya kila malipo, huku wameiacha kazi waliyozaliwa nayo. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Wageni wanapanda ndege kuja kusoma lugha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wasioweza kuja wanatafuta walimu kwenye italki na Preply, na wanalipa kwa saa.

Hata hivyo, kukizungumza Kiswahili hakutoshi kukuwezesha kukifundisha. Mwanafunzi atakuuliza kwa nini tunasema "kitabu kikubwa" lakini "kifaru mkubwa", na "ndivyo tunavyosema" si jibu la kulipiwa. Lazima uzijue ngeli kiasi cha kuzieleza, uwe na masomo ya mwanzo yaliyopangwa, na uwe na pahala patulivu penye mtandao usiokatika. Uijue na hesabu: Preply inachukua malipo yote ya somo la majaribio la kila mwanafunzi mpya, kisha 33% ya masomo yanayofuata, ikishuka hadi 18% kadiri saa zako za kufundisha zinavyoongezeka. Ukijiwekea dola 9 kwa saa, mwanzoni utabakiwa na kama dola 6. Ni makato makubwa, lakini mwanafunzi akikupenda atarudi wiki baada ya wiki, jambo ambalo mteja wa nembo halifanyi. Saa pia zinatufaa. Saa 12 jioni ya Ujerumani ni saa 2 usiku kwetu wakati wa baridi yao na saa 1 wakati wa joto, kwa hiyo mwalimu wa skuli au madrasa anaweza kufundisha usiku bila kuacha kazi ya mchana.

Kabla ya kujisajili popote, tazama kwanza pesa itakufikiaje. Wateja wa nje hawalipi kwa namba ya simu yako. Walimu na wafasiri wengi hupitisha malipo yao Payoneer, huduma ya kupokelea pesa kutoka nje, kisha wanayahamishia kwenye akaunti ya benki. Jina ulilojisajilia lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho na la benki. Anayeitwa Khamis kwenye kitambulisho na Hamisi benki atasumbuka siku ya kutoa malipo yake ya kwanza.