Chumvi, sumaku na Land Rover ya sentimita kumi na nane

Nikimwambia mtu kwamba uraibu wangu ni kutengeneza vigari, swali linalofuata ni lile lile: Lamu? Magari ya nani? Na ana haki ya kuuliza. Vichochoro vya mji wetu vilijengewa mtu na punda, na mwenye kutaka kuchonga jahazi hahitaji zaidi ya kukaa pwani aangalie. Mimi nikitaka kuliangalia lori vizuri sharti nipande boti nivuke hadi Mokowe, kule bara, ambako barabara inakomea na mizigo yashushwa. Nauli hiyo naihesabu pamoja na gluu na rangi.

Tulipokuwa wadogo vigari tulivifanya kwa waya na mabati ya mikebe, magurudumu ya champali zilizokatika. Havikuwa na kipimo. Gurudumu lilikuwa kubwa kwa sababu champali ilikuwa kubwa. Siku hizi najenga kwa skeli ya 1:24, yaani kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne. Zipo nyingine: Wamarekani wamezoea 1:25, na vile vya chuma vya kuwekwa kabatini mara nyingi huwa 1:43. Mimi napenda 1:24 kwa sababu macho yangu bado yanaona bawaba ya mlango.

Kigari changu cha kwanza cha kujivunia kilikuwa Land Rover ya inchi 109 kati ya ekseli mbili, ile ndefu. Niliijenga kwa seti ya plastiki, ile ya vipande vya kuunganisha, kisha nikaizeesha. Nilijua chumvi ya bahari inakula chuma, basi nikaipaka kutu kila mahali: boneti, madigadi, ubavu mzima, kahawia hadi juu. Niliiona nzuri mno. Nikavuka nayo Mokowe ndani ya boksi la viatu, na futi mkononi, nikapime yenyewe niliyokuwa nimeiona imeegeshwa karibu na gati.

Dereva wake, mzee wa makamo, aliniangalia nikiinama kati ya ekseli mbili.

“Mwanangu, wapima uinunue?”

“La, mzee. Naipima niifanye ndogo mara ishirini na nne.”

“Haya. Na deni langu la gereji ulipime papo hapo.”

Nikamfungulia boksi. Akakigeuza kigari mkononi, akauliza kwa upole kama kiliungua. Kisha akatoa chini ya kiti sumaku ya spika iliyokufa, anayotumia kutafuta nati zikianguka mchangani, akaibandika kwenye madigadi ya gari lake. Ikateleza ikaanguka. Akaibandika kwenye boneti, ikaanguka. Akainama, akaigusisha kwenye chesi, ile fremu iliyobeba gari chini: tak! Ikashika. Ukuta ulio kati ya injini na dereva, ikashika. Ukingo wa chini wa mlango, ikashika pia.

Hilo ndilo somo ambalo hakuna karatasi ya seti iliyonifundisha. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kibali, lakini aluminiamu ilipatikana. Basi sehemu kubwa ya bodi ikawa ya aluminiamu, na chesi, ule ukuta wa mbele na fremu za milango zikabaki chuma. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu. Ikikwaruzwa huonyesha fedha iliyofifia. Inapogusana na chuma, na hewa ina chumvi kama hii yetu, huliwa polepole ikatoa unga mweupe, na rangi ya juu yake hufura kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Nenda ukaangalie pale chini ya mlango, ambapo bati la aluminiamu limekunjiwa juu ya fremu: kahawia na nyeupe zinakaa pamoja, upana wa vidole viwili tu.

Nilirudi nikaikwangua yote.

Sasa nafanya hivi. Kwanza napaka mwili mzima rangi ya aluminiamu, naacha ikauke, napitisha vanishi nyembamba juu yake. Kisha naulowesha kidogo kwa maji pale penye kukwaruzwa: pembe za boneti, kando ya mpini wa mlango, ukingo wa nyuma panapopakiwa magunia. Juu ya maji nanyunyiza chumvi ya mezani. Punje yake ina kama theluthi ya milimita, ambayo kwa gari halisi ni mchubuko wa milimita nane, saizi inayoaminika. Chumvi ya mawe usiitumie bila kuisaga, utapata gari lililopigwa risasi. Maji yakikauka napuliza rangi ya juu, kijani iliyotiwa matone ya nyeupe, kwa kuwa kijani halisi kwenye kitu kidogo huonekana cheusi. Kesho yake nasugua kwa kidole chenye maji. Chumvi inatoka na rangi iliyo juu yake, na aluminiamu inachungulia. Kutu yenyewe naiweka mwishoni, kwa ncha ya brashi, pale tu sumaku iliposhika.

Kuhusu kupuliza rangi, mafundi wa nchi kavu wanashauri vizuri lakini hawaishi hapa. Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilipuliza laka baada ya Isha. Asubuhi boneti ilikuwa na weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Thina, ile ya kuzimulia rangi, inaporuka huchukua joto, uso hupoa, na unyevu wa hewa hutua ndani ya rangi kabla haijashika. Siku hizi napaka baada ya Adhuhuri, jua likiwa kali, na kazi kubwa naziwekea msimu wa kaskazi. Weupe ukitokea, pulizia thina ile inayokauka polepole, kidogo sana; aghalabu huondoka. Supa gluu nayo hukazwa na unyevu huo huo, kwa hiyo chupa yangu hukaa ndani ya kopo la mchele. Na kwenye vioo usiitumie kabisa, mvuke wake huvitia ukungu; gluu nyeupe ya mbao yatosha.

Jambo linalonikera kwa wajenzi wengi, nikiwemo mimi wa zamani, ni unene. Mlango wa seti una plastiki ya milimita moja. Zidisha mara ishirini na nne: mlango wa milimita 24, wa kasha la benki, ilhali bati la kweli halifiki milimita mbili. Watu hukesha wakitia nyaya kwenye injini itakayofungiwa chini ya boneti milele, na ukingo wa dirisha wameuacha kama ubao wa mlango wa Lamu. Ukwangue kwa ndani, kwa kijembe kisha msasa, mpaka ukiuweka mbele ya taa mwanga upite. Kati huna haja ya kupagusa. Jicho husoma ukingo.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee ile ya pili. Hakusema nzuri wala mbaya. Alitazama chini, akatazama mlango, akatikisa kichwa.

“Mlango wangu wa kulia haufungi hivi. Komeo lishakufa. Nafunga kwa kamba.”

Nimejaribu uzi wa nailoni, unang'aa mno. Wa kushonea magunia ni mnene kama kamba ya nanga. Mamangu hushona kofia za vito, nikamwomba kipande cha uzi wake, nikakiweka chini ya lenzi: karibu robo milimita, yaani kamba ya milimita sita. Rangi tu ndiyo bado. Nimeuloweka kwenye chai ya rangi tangu jana usiku.