Kompyuta Iliyoamka Mwaka 2012, na Dhana Zetu Mafundi

Mama mmoja mwenye kibanda cha fotokopi huku Kondele, Kisumu, aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha kusaidiana kompyuta: "Kompyuta inakataa intaneti. Hotspoti ni ya simu yangu, na simu yenyewe iko sawa." Jibu la kwanza lilikuwa vicheko. La pili: "Mama, jifunze kompyuta kwanza ndipo uje hapa." Hilo la pili lilikuwa langu.

Dhana: Anayeuliza kienyeji hajui anachosema.
Alijua. Alieleza alichokiona, neno kwa neno. Sisi ndio hatukusikiliza. Kijana mmoja akamwuliza swali moja tu: "Pale chini pembeni, tarehe inasema nini?" Mama akatuma picha: Januari 2012.

Ndani ya kompyuta mna betri ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha, stima ikipotea tarehe inarudi nyuma miaka. Sasa, kila tovuti salama ina cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini ni 2012 inakiona cheti hicho hakijaanza kutumika, inakataa kufungua ukurasa. Simu hupata saa yake kutoka kwa mtandao, ndiyo maana yake haikusumbuka.

Dhana: Ikishindikana, fomati.
Watatu walimshauri hivyo: afute kila kitu kwenye kompyuta, aanze upya. Angefomati, angepoteza mitihani ya shule aliyokuwa akichapisha, na betri ingebaki imekufa vilevile. Mara nyingi "fomati" ni njia ya fundi ya kusema sijui bila kulitamka.

Dhana: Kurifreshi mara kumi huipa mashine kasi.
Inachora upya picha zilizo kwenye skrini, basi. Na wanaocheka wageni kikundini hubonyeza F5, kitufe cha kurifreshi, kuliko wote.

Dhana: Maelezo yako wazi, asiyeelewa ni mzito.
Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaambia watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana, wenzao wabashiri ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani. Mwenzake anasikia ngo-ngo-ngo. Nikimwambia mtu "ingia bayosi, angalia buti," nagonga meza.

Dhana: Ukali ndio uliojenga programu kubwa.
Hapa hutajwa Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, programu ya kuendesha kompyuta, mwaka 1991 na kujulikana kwa barua pepe zake za kuchoma. Wanaomtaja huishia hapo. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa lugha yake, akapumzika kazi kwa wiki kadhaa. Linux iliendelea bila yeye, kisha akarudi.

Betri ilimgharimu mama pesa ya chai na mandazi. Wiki iliyopita printa yake ilianza kumeza karatasi, na hilo ndilo jambo ninalolijua kuliko mtu yeyote kikundini. Nilipata habari baadaye: alimwandikia yule kijana, pembeni.