Usijishindishe na Njaa: Maswali na Majibu Kuhusu Vikundi vya Kusaidiana kwa Wanaoshindwa Kuacha Kula

Wagonjwa wanaofika kwangu na tatizo hili huwa wamechelewa kwa miaka, na karibu wote wameitumia miaka hiyo kujishindisha na njaa kwa siri. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado anasitasita.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Ni mtu kula chakula kingi kupita kiasi kwa muda mfupi, tuseme ndani ya saa 2, huku akihisi kwamba hana uwezo wa kuacha. Hula haraka, hula bila njaa, hula mpaka tumbo linamuuma, kisha hujichukia. Hali hiyo ikitokea angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, inahesabiwa kuwa ugonjwa, nao uliingizwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa utambuzi wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 2013. Kuvimbiwa siku ya sherehe ni jambo jingine.

Je, huu si ulafi tu?

Hapana. Mlafi hufurahia chakula chake, lakini mgonjwa huyu mara nyingi hata ladha haisikii. Wapo wanene na wapo wembamba, kwa hiyo usimpime mtu kwa macho.

Nikila sana leo, nishinde na njaa kesho ili nifidie?

Hapana. Mwili ulionyimwa chakula huongeza njaa, akili nayo hushindwa kufikiria kitu kingine, na jioni ikifika mtu hula zaidi ya alivyokula jana. Kisha hujilaumu, hujinyima tena, na mzunguko unaendelea. Kula milo mitatu kwa saa zinazojulikana, na kitu kidogo katikati, hata siku inayofuata usiku mbaya. Siku hiyo ndiyo unayohitaji zaidi kifungua kinywa.

Basi nisubiri nipungue kwanza, ndipo nijiunge na kikundi?

Hapana, usisubiri. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote, na linanisikitisha kwa sababu linaonekana kama busara. Mtu anaona aibu kuketi mbele ya wenzake akiwa na mwili alio nao, anajiwekea uzito ambao akiufikia ataomba msaada, anaufuata kwa kujinyima, na kujinyima huko ndiko kunakomrudisha kwenye kula bila kiasi. Wanakikundi wenzako walipitia aibu hiyo hiyo. Nenda ulivyo, wiki hii.

Na kutapika, au kumeza dawa za kuharisha?

Acha, na umwambie mhudumu wa afya ukweli wote. Dawa za kuharisha hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya chakula imekwisha kufyonzwa. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili. Kujitapisha mara kwa mara hula meno, hupunguza madini ya potasiamu katika damu, na upungufu huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuua. Ukizimia, moyo ukidunda ovyo, ukitapika damu, au ukipata mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii. Vivyo hivyo mwenye kisukari aliyeanza kuruka insulini ili apungue asingoje siku ya kikao cha kikundi; aende hospitali.

Ndani ya kikundi hufanyika nini?

Watu huketi, mmoja mmoja husimulia wiki yake, na wengine husikiliza bila kumkaripia wala kumkata kauli. Kikundi kinachofahamika zaidi, Overeaters Anonymous, kilianza mwaka 1960 huko Los Angeles, kikifuata hatua 12, yaani mpango wa kupona wenye misingi ya kiroho, za kikundi cha watu wanaoacha pombe, Alcoholics Anonymous. Hakitozi ada, huendeshwa kwa michango ya hiari, na majina ya wanachama hayatangazwi nje. Vipo pia vikundi vinavyoongozwa na wataalamu, na wapo watu ambao lugha ya kiroho ya hatua 12 haiwafai. Hao wachague vikundi vya wataalamu.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: kikundi kinachompima mtu uzito hadharani, kinachosifu kufunga kula, kinachouza vidonge vya kupunguza mwili, au kinachokuambia uache dawa ulizoandikiwa, ondoka.

Je, kikundi kinatosha badala ya matibabu?

Hakitoshi. Kikundi humwondolea mtu upweke na siri, mambo mawili yanayoulisha ugonjwa huu, lakini hakipimi damu wala hakitibu sonona. Tiba ya kisaikolojia inayoshughulikia fikra na mienendo ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi, nayo inaweza kuanza kwa kitabu cha mazoezi ukisimamiwa na mtaalamu. Fanya yote mawili kwa pamoja.

Nimejiunga, nikaanguka tena. Nirudi na uso gani?

Rudi na uso huo huo. Wengi huacha kuja baada ya usiku mmoja mbaya, wakisema watarudi wakishatengemaa, na hapo kuchelewa kunaanza upya. Kula mlo unaofuata kwa saa yake, mpigie simu mwanakikundi mmoja umweleze kilichotokea, na uhudhurie kikao kijacho hata kama hutasema neno.