Fowili si kinga ya tope: tunayoambiana kuhusu magari, na yaliyo kweli

Kila masika yakianza, sisi tunaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam, huku Goba, Kibamba, Madale na Malamba Mawili, tunarudi kwenye mazungumzo yaleyale. Gari la kuvuta kwa mbele limeteleza hadi mtaroni, mwenyewe kawalipa vijana wamsukume, na jioni hiyohiyo anaapa kwamba gari lake lijalo litakuwa fowili, yaani la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Namwelewa, maana nami nimesukumwa. Lakini nimeona pia jirani aliyejibana miaka miwili akanunua gari refu la kifahari, akakwama kwenye kilima kilekile, ndipo fundi alipochungulia chini na kumwambia kwamba gari hilo halijawahi kuwa fowili.

Pesa tunazotoa kwenye magari ni nyingi mno kwa kipato chetu, na maneno tunayoyategemea wakati wa kununua mara nyingi ni ya kijiweni. Hapa nayachambua, moja moja, yale ninayoyasikia zaidi.

"Gari likikaa juu, hilo ni fowili"

Hili ndilo lililomponza jirani yangu. Toyota Harrier, RAV4, Nissan X-Trail na Mazda CX-5 ziliuzwa Japani kwa namna mbili: za kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu, na za kuvuta kwa yote manne. Ukizitazama ubavuni, huwezi kuzitofautisha. Kwa upande mwingine, Vitz, IST, Fielder, Premio na Probox, magari ambayo hakuna anayeyafikiria kuwa fowili, yote yana matoleo ya fowili.

Sababu ni theluji. Mtu wa Hokkaido, Aomori au Niigata hununua gari dogo la fowili ili aweze kutoka nyumbani asubuhi ya baridi kali, wala si kwa ajili ya tope. Gari hilohilo likishachoka kwake, huingia mnadani, hupanda meli, na sisi tunalikuta bandarini limeandikwa 4WD nyuma.

Kwa hiyo soma namba ya chasisi kabla ya kutuma hata shilingi. Harrier ya ACU30 inavuta kwa mbele, ya ACU35 ni fowili. RAV4 ya ACA36 inavuta kwa mbele, ya ACA31 ni fowili. Fielder ya NZE141 ni ya mbele, NZE144 ni fowili. X-Trail ya kizazi cha T31 ikianza na herufi N, yaani NT31, ni fowili; ikiwa T31 peke yake ni ya mbele. Kibandiko cha nyuma mtu yeyote anaweza kukibandika. Kama gari liko mbele yako, piga goti uchungulie: fowili ya jamii hii kwa kawaida ina propela shafti, chuma kirefu kinachozunguka, inayotoka mbele kwenda kwenye difu, yaani boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Usipoiona, na nyuma hakuna mota ya umeme kama kwenye baadhi ya haibridi, hilo si fowili, hata muuzaji aape vipi.

Ukiwa umeinama hivyo hivyo, tazama kutu. Barabara za kaskazini mwa Japani hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari taratibu. Kwa kuwa fowili nyingi ndogo zimeishi huko, hatari ya kutu kwao ni kubwa kuliko kwa wenzao wa mbele. Angalia na matairi pia. Yakiwa na neno STUDLESS ubavuni, ni matairi ya theluji, yenye mpira laini uliotengenezwa kwa ajili ya baridi. Kwenye lami yetu yenye joto yanaisha upesi na hayashiki vizuri. Yabadilishe, hata kama meno bado yanaonekana mapya.

"Fowili haikwami"

Kinachoshika ardhi ni tairi. Injini inaweza kugawa nguvu kwenye magurudumu manne, lakini kama yote manne yamevaa tairi kipara, umegawa utelezi mara nne. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza mifereji ya tairi la lami mpaka likawa kama andazi, na hapo Prado ya fowili na kigari kama Passo zinalingana.

Kuna na jambo la difu. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu moja lizunguke kuliko mwenzake ili gari likate kona bila kuburuta tairi. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likikosa mshiko, nguvu inayobaki kwa mwenzake ni ndogo kama ile inayohitajika kuzungusha lile linaloteleza. Fowili ikiingia kwenye korongo kiasi kwamba gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yananing'inia, hayo mawili yanazunguka hewani na yale mawili yaliyokanyaga ardhi yanatulia. Umeona picha hiyo mara nyingi, ila labda hukujua sababu. Magari yenye kufuli la difu, au mfumo wa breki unaolibana gurudumu linalozunguka ovyo, ndiyo yanayojikwamua hapo.

Tena fowili nyingi tunazonunua si za kudumu. Kwenye Fielder na IST, kati ya mbele na nyuma kuna kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni; magurudumu ya mbele yakianza kuzunguka kuliko ya nyuma, mafuta hayo huburuta sahani za ndani na kupeleka nguvu kiasi nyuma. Ni msaada wa kweli, ila ni mdogo, na huja baada ya mbele kushaanza kuteleza. RAV4 ya ACA31 ina kitufe cha kufunga mbele na nyuma pamoja, nacho hujifungua mwendo ukifika karibu kilomita 40 kwa saa. Hayo ni magari ya kupita mahali pabaya mara mojamoja. Ukiyatesa nusu saa kwenye mchanga wa ufukweni Kigamboni, kifaa hupata joto na magurudumu ya nyuma yanaacha kusaidia. (Mchangani, punguza upepo wa matairi kwanza. Hilo litakusaidia kuliko kukanyaga mafuta, na usisahau kujaza tena kabla ya kurudi lami.)

Halafu kuna uvungu. Tumbo la gari likishakaa juu ya tuta la katikati ya njia, magurudumu yote yanabaki kupapasa. Kwenye njia zilizochimbwa na malori, urefu wa gari kutoka ardhini unaweza kukusaidia kuliko fowili yenyewe.

"Kwenye mvua, fowili inasimama vizuri zaidi"

Hapa naomba tusikilizane, maana dhana hii inaua. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata liwe la kuvuta kwa mbele. Fowili inakusaidia kuondoka na kupanda. Haikusaidii kusimama. Na kwa kuwa ina propela, difu ya nyuma na shafti zake, ni nzito zaidi kuliko pacha wake wa mbele, kwa hiyo breki zina kazi kubwa zaidi.

Hatari yake ni kwamba fowili inaficha utelezi. Gari la kuvuta kwa mbele likiondoka kwenye lami iliyolowa, gurudumu linateleza kidogo na dereva anashtuka: leo barabara ni mbaya. Wa fowili anaondoka kama kawaida, anafika kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Morogoro akiamini gari limeshika, na ukweli anaugundua pale lori la mbele linapofunga breki. Kama una fedha ya jambo moja tu mwaka huu, nunua matairi manne mazuri. Nayo yakague umri: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

"Gari la kuvuta kwa mbele halipandi mlima"

Hapa pana ukweli nusu. Mlima wa Kitonga linapanda bila shida, maana lami ina mshiko wa kutosha. Kwenye tope la tambarare pia linajitahidi, kwa sababu uzito wa injini na gia boksi umekalia magurudumu yanayovuta. Pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma inaweza kuhangaika mahali ambapo gari dogo la mbele linapita.

Shida iko kwenye mlima mkali wa udongo uliolowa au kokoto. Gari likielekea juu, uzito unarudi nyuma, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta, yanabaki mepesi. Ukipakia watu watatu kiti cha nyuma na gunia kwenye buti, hali inazidi. Ndiyo maana utaona madereva wazoefu wa Lushoto au Marangu wakishusha abiria kwanza, na wengine wakigeuza gari na kupanda kinyumenyume. Si ushirikina: ukirudi nyuma kupanda, magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa bonde, mahali uzito ulipo. Ila usijaribu hivyo kwenye njia nyembamba yenye shimo pembeni. Kama mlima huo ndio njia yako ya kila siku, basi wewe kweli unahitaji fowili, na asikucheke mtu.

"Fowili inakunywa mafuta mara mbili"

Wanaosema hivi hulinganisha Land Cruiser V8 na Vitz ya lita moja. Linganisha gari moja kwa matoleo yake mawili, injini ileile: tofauti ipo, lakini ni ndogo. Gari la mbele likienda kilomita 15 kwa lita, pacha wake wa fowili anaweza kwenda 14. Gharama halisi iko kwingine: oili ya difu, bushi na jointi za ziada, na hasa matairi. Fowili ya kudumu kama ya Subaru inataka matairi manne ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana. Ukifunga mawili mapya na kuacha mawili yaliyoisha, mfumo unafikiri gari linateleza muda wote, na unajichosha hadi unakufa.

Kuna na ushauri wa kutoa propela ili kuokoa mafuta. Ukiitoa, difu ya nyuma inaendelea kuzungushwa na magurudumu, uzito mwingi unabaki, na kwenye gari lenye difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, unaweza kukuta haliendi kabisa. Kama hutaki fowili, nunua ya mbele tangu mwanzo.

Kwa wenye Hilux au Jimny za kuingiza fowili kwa mkono: toa mara ukifika lami kavu. Mbele na nyuma zimefungwa pamoja, na kila kona inazikunja shafti na gia.

Jirani yangu aliuza lile gari refu, akatafuta fowili ya kweli kwa namba ya chasisi, kwa sababu nyumba yake iko ng'ambo ya bonde na ana mtoto wa kuwahisha shule kila asubuhi. Mimi nimebaki na la kuvuta kwa mbele. Njia yangu ina mita kama mia nne za udongo, siku mbaya hazizidi kumi kwa mwaka, na siku hizo naliacha kwa mama mwenye duka pale lami inapoishia, napanda kwa miguu na buti za mvua.